Karani Nyuma ya Ng'ombe

Nilifika Singida nikiwa nimekaa. Sina namna nyingine ya kuieleza safari ile. Nilikaa juu ya sanduku langu katika meli iliyotutoa Lindi, nikakaa katika behewa la daraja la tatu kutoka Dar es Salaam hadi Manyoni, na pale Manyoni nikakaa barazani kwenye duka la Mhindi nikingoja lori mpaka miguu ikafa ganzi. Abiria wengine walisimama, wakazunguka, wakanunua karanga, wakagombana na kupatana. Mimi nilikaa. Nilikuwa nimeipita arobaini, na tumbo langu lilikuwa limeanza kulala mapajani kama mtoto wa mtu mwingine niliyeombwa nimshike kidogo.

Tulipoiacha Mkiwa, njia ikawa mchanga mtupu na lori likazama. Taniboi akaruka chini, akapiga ubao kwa kofi.

"Wanaume wote chini! Tunasukuma!"

Nilishuka nikaweka mabega kama wenzangu. Lori lilisogea hatua chache, na kabla halijatoka kwenye mchanga mimi nilikuwa nimeshaliachia. Pumzi zilikataa. Nilikaa kando ya njia mdomo wazi, masikio yakivuma, nikiwatazama akina mama waliofunga kanga viunoni wakisukuma mahali pangu. Taniboi alinijia na kibuyu cha maji.

"Kunywa, mzee. Kaa hapo hapo, usije ukatufia porini. Ikungi bado mbali."

Hakusema kwa ubaya. Lakini lile neno mzee lilikuwa halijawahi kuniangukia hadharani. Lilinikaa kichwani hadi Ikungi tulipolala, na kesho yake hadi Singida, ambako upepo ulikuwa ukivuma kana kwamba umetumwa.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo hadithi hii itaonekana ni ya tumbo tu. Nilisoma hadi sekondari, jambo ambalo kwa rika langu lilikuwa la wachache, na tangu nilipotoka shule sikukaa mahali popote nikapazoea. Nimekuwa karani wa mkonge, wa bandari, wa reli, wa mahakama ya mtemi mmoja huko magharibi. Kila mahali nilifanya kazi vizuri, na kila mahali siku moja niliamka nikasikia nyayo zinawasha. Nilikuwa nikikumbuka mahali nilipotoka kuliko nilivyopaona mahali nilipo. Wenzangu walijenga, wakaoa, wakapanda minazi. Mimi nilikuwa na miguu. Ndiyo iliyokuwa mali yangu, na ilikuwa imeanza kuniacha bila kuniaga.

Kazi niliyoijia Singida ilikuwa ya karani wa ofisi ya mifugo. Bwana Mifugo alikuwa Mwingereza mrefu, mwembamba, mwenye shingo nyekundu na Kiswahili cha kukatakata. Alikuwa na kikosi cha chanjo ya sotoka, tauni ya ng'ombe, watu waliozunguka vijijini kwa miguu, na alikuwa na mimi, niliyezunguka kwenye kiti. Ofisi ilikuwa juu ya ngazi za mawe. Kila asubuhi nilipofika juu nilisimama nikijifanya natazama ziwa, kumbe natafuta pumzi.

Mvua zilipokwisha alituita sote.

"Ofisi hii itafungwa," alisema. "Kiangazi kikiisha. Kikosi kitakwenda kaskazini, Mkalama, kisha mbele zaidi. Kikosi kitataka karani. Karani wa kukaa, basi, atarudi kwao."

Wengine walipotoka mimi nilibaki.

"Bwana, nataka kwenda na kikosi."

Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka, akafika katikati, akasimama hapo.

"Wewe mtu mzima, karani. Wewe ukianguka njiani, nani atabeba wewe?"

"Sitaanguka."

"Mimi nasikia wewe kila asubuhi kwenye ngazi. Nafikiri treni imefika." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza: "Kabla ya kufunga tutakwenda Iramba, kupanda mlima. Njoo. Ukifika juu pamoja na watu, utakwenda nao. Usipofika, utarudi kwenu."

Kwetu! Kwetu ni wapi? Wazazi wangu walikuwa wamekufa, na shamba lilikuwa na wenyewe wapya. Kurudishwa kwetu kwangu mimi ilikuwa ni kuwekwa kwenye kiti cha mwisho na kuambiwa nisubiri. Nilishuka ngazi zile nikiwa nimekata shauri kwamba nitapanda mlima huo, na kama moyo unataka kupasuka, upasukie juu.

Shuleni tulifundishwa drili. Mwalimu alikuwa na filimbi, na kila asubuhi tulikimbia kuzunguka uwanja, tukaruka, tukainama, tukajiinua kwa mikono hadi vumbi likaingia puani. Nikaona dawa ninayo. Nikatoa kaptura yangu ya kaki, nikaongeza tundu kwenye mkanda, na kulipopambazuka nikatoka.

Nilikuwa nimepanga chumba katika tembe la mama mmoja mjane, mtu wa makamo aliyeelekea uzeeni, nje kidogo ya mji, mahali ambapo nyumba zimeachana na katikati yake ni mashamba ya uwele. Mama huyo alikuwa uani akikamua. Sikumsalimia, maana nilitaka nianze kabla nia haijapoa. Nikaruka ua wa miiba, nikashika njia, nikakimbia.

Sikuwa nimefika mbali nilipomsikia nyuma yangu akipiga yowe.

Ni sauti ya juu, inayotetemeka, haina maneno. Nyumba ya pili ikaipokea, kisha ya tatu. Nikageuza kichwa na kuona wanaume wanatoka kwenye matembe, huyu na mkuki, huyu na rungu, mwingine akijifunga shuka huku anakimbia. Walikuwa wanakuja upande wangu. Mimi ni mtu wa kuja, sina ndugu pale, nami nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Nikaongeza mwendo.

Nao, walipoona naongeza mwendo, wakaamini kwamba jambo ni kubwa. Wakaongeza wao. Hawakuhitaji muda kunifikia. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye mvi kifuani, na hakunikamata. Alikimbia sambamba nami, mkuki juu, akaniuliza bila hata kuhema:

"Wapi?"

"Wapi nini?"

"Wameelekea wapi? Wezi? Ni simba?"

Nilisimama. Wote wakasimama. Nilijishika magoti kwa muda mrefu kabla sijaweza kusema.

"Hakuna kitu. Nafanya mazoezi."

 Mmoja aliyejua Kiswahili kuliko wenzake akawatafsiria, kisha akaniuliza tena ili ahakikishe hakukosea.

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Unajizoeza kukimbia ili umkimbie nani?"

Kijana mmoja alicheka. Yule mwenye mvi hakucheka. Aliushusha mkuki wake taratibu, akautazama kana kwamba mkuki ndio uliotukanwa.

Jioni niliitwa kwa jumbe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, na nusu ya waliokuwa na mikuki asubuhi walikuwapo. Mama mwenye nyumba wangu alikuwapo pia, amekaa upande wa wanawake, mikono imekunjwa.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, karani. Kuna mgonjwa nyumbani kwako?"

"Hakuna."

"Umeibiwa ng'ombe?"

"Sina ng'ombe, mzee."

"Umeona simba?"

"Hapana."

"Basi tueleze. Tumeacha ng'ombe hawajakamuliwa."

"Nilikuwa nakimbia ili nipate pumzi."

"Sisi tuliokuwa tumelala tuna pumzi," alisema jumbe. "Wewe uliyekimbia ndiye huna. Watu hawa wanasema ulihema kama mbwa wa kuwinda." Watu wakacheka, naye akawaacha wacheke mpaka wakamaliza. Kisha akasema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha: "Sikiliza, karani. Hapa mtu mzima akikimbia, ni habari. Tukimwona, tunaacha chakula, tunaacha mgonjwa, tunakwenda. Kesho ukikimbia tena watu watasema, ah, ni karani na pumzi zake. Keshokutwa atakimbia mtu mwingine ambaye mtoto wake amekamatwa na simba, na watu watasema hivyo hivyo. Unanielewa?"

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Ningekuwa nimekatazwa na ujinga ningeupuuza. Nilikuwa nimekatazwa na kitu chenye maana. Nikaomba radhi, nikaambiwa nitoe pombe kwa waliotoka, nikatoa.

Tuliporudi, mama alitembea mbele yangu. Mlangoni akageuka.

"Nilidhani umeona jambo, karani. Umepita bila salamu! Mtu anayepita bila salamu asubuhi ana kifo mdomoni."

"Nisamehe, mama."

"Sasa utafanyaje?"

Nikamweleza yote, habari za ofisi, za mlima, za kurudishwa. Alinisikiliza akichokoa meno.

"Kwa hiyo wewe unataka miguu," alisema mwishowe. "Mimi nataka mchungaji. Wanangu wawili wako Tanga wanakata mkonge, na zamu yangu ya kuchunga ikifika nazunguka kuomba watu. Mtu anayekimbia peke yake ni habari. Anayekimbia nyuma ya ng'ombe ni mchungaji, hakuna anayemtazama."

"Mama, mimi ni karani wa serikali."

"Najua. Ndiyo maana huna pumzi."

Majirani pale walichanganya mifugo yao, na kila nyumba ilichunga kwa zamu. Alfajiri ng'ombe wa kila boma walipelekwa mahali pa kukusanyikia, nyuma ya majabali makubwa, na jioni wakarudishwa. Tulipatana hivi: asubuhi kabla ya ofisi nitapeleka ng'ombe wake, jioni nitawafuata, na zamu yake ya kuchunga mchana kutwa itawekwa Jumapili, siku yangu ya mapumziko.

Siku ya kwanza ng'ombe walinijua kuwa si mtu wa mifugo. Ndama mwekundu aliingia shambani kwa watu, nilipomfuata mama yake akageukia njia ya nyumbani, nilipomrudisha mama, wengine wakatawanyika majabalini. Nilikimbia huku, nikakimbia kule, nikaanguka kwenye miiba. Mwanamke aliyekuwa akipita na mtungi kichwani alinisalimu kwa utulivu, akapita. Hakupiga yowe. Nililala chini nikicheka na kuhema. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kukimbia.

Mjini, habari ilifika kabla yangu. Sisi makarani tulikuwa na desturi ya kunywa chai pamoja jioni, kwenye mkahawa wa Mwarabu karibu na soko, tumevaa suruali zilizonyoshwa, kila mmoja na tumbo lake mbele kama cheti. Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa karani wa mahakama, mtu wa rika langu na tumbo kubwa kuliko langu. Nilipotokea na samadi kwenye viatu alisimama, akavua kofia.

"Karibu, mkuu wa zizi! Jamani, mpisheni. Miaka yote ile ya shule, mwenzetu amehitimu kufuata mkia."

"Nao mkia unanifundisha," nilisema.

"Unakufundisha nini?"

"Wewe ukisimama hapo ukafika dukani na kurudi bila kuhema, nitakuambia."

Walicheka wote, na yeye pia. Lakini baadaye, tulipobaki wawili, aliinama akaniambia kwa upole wa kweli:

"Ndugu yangu, unatuaibisha. Sisi watu weusi wenye kalamu ni wachache hapa. Watu wakituona tunakaa, wanajua kalamu ina faida. Wewe unawaambia haina."

"Nawaambia ina faida na miguu ina faida."

"Umri huo umepita. Sasa ni wakati wa kuheshimiwa."

Niliwaza maneno yake kwa siku nyingi nikiwa nyuma ya ng'ombe. Niliona kwamba kila nguvu pale ilikuwa na mwenyewe. Kukimbia kulikuwa kwa wenye habari mbaya, kuchunga kwa vijana, kutwanga na kuchota maji kwa wanawake, kubeba kwa wapagazi. Mtu kama mimi, mwenye umri na kalamu, aliachiwa kukaa tu, na kukaa huko kuliitwa heshima. Ila mimi sikuwa na mtu pale wa kumvunjia heshima. Sikuwa na ukoo, sikuwa na wakwe, hakuna aliyejua baba yangu alikuwa nani. Maisha yangu yote niliihesabu hali hiyo kuwa upungufu. Majabalini, na fimbo begani, kwa mara ya kwanza niliiona ni nafasi. Ningeweza kuwa karani anayechunga, na asiyependa asitazame.

Basi nikazidi. Juu ya jabali moja bapa, ambako hakuna nyumba inayoona, nilifanya drili yote ya zamani, kuruka, kuinama, kujiinua. Mwanzoni mikono ilitetemeka na kidevu kikagonga mwamba. Nikatafuta jiwe, nikalinyanyua juu ya kichwa hadi mabega yakawaka, kisha nikatafuta jiwe zito zaidi. Nyumbani nikamwomba mama anipe mchi.

"Mchi?" Aliuficha nyuma ya mgongo. "Kwenu wanaume wanatwanga?"

"Kwetu sipo. Nipe, mama."

"Majirani watasema nimekuoa."

"Waambie mahari umelipa kwa maziwa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikatwanga uwele. Wanawake wawili wa jirani walikuja kuomba moto, na moto wa kuomba siku hiyo ulichukua muda mrefu kweli. Walikaa wakanikosoa: mchi nimeushika chini sana, nageuza kiuno vibaya, uwele unaruka nje. Mmoja alisema kwamba mchi ndio unaonitwanga, si mimi ninayeutwanga. Kesho yake walirudi na wa tatu. Baadaye wakachoka kucheka, wakaja na uwele wao.

Sitadanganya kwamba mambo yalikwenda kwa mstari. Katikati ya kiangazi goti la kushoto lilivimba likawa kama kibuyu. Dresa wa hospitali alilibonyeza, akanitazama juu ya miwani.

"Hili ni goti la mtu mzima. Lipumzishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapokubali umri wako."

Nililipumzisha mpaka uvimbe ulipopungua. Nilikaa uani, na ng'ombe wakapelekwa na mama mwenyewe. Siku zile ndizo zilikuwa ngumu kupita zote. Kiti kilikuwa kizuri. Kivuli kilikuwa kizuri. Mama alinipa maziwa mgando na ugali wa uwele, na nilihisi mwili wangu unaniambia polepole, tazama, ungeweza kuishi hivi. Niliogopa sauti ile kuliko nilivyoogopa mlima. Asubuhi goti lilipokubali kukunjika nikafunga kitambaa, nikashika fimbo. Mama alikuwa ameshafungua zizi. Alinitazama nikichechemea, akanipisha njia.

Nilijifunza kwenda taratibu ili nipate kwenda mbali. Niliacha kushindana na vijana wa zamu. Nilisikiliza pumzi zangu kama mtu anavyosikiliza mlango. Jumapili tulikwenda na ng'ombe hadi ufukweni mwa ziwa walambe magadi, tukazunguka, tukarudi, na siku moja nilipofika nyumbani nikatambua kwamba sikuwa nimewaza miguu yangu tangu asubuhi. Mkanda ulirudi kwenye tundu la zamani, ukalipita. Nilitoboa lingine upande wa pili.

Ngazi za ofisi nazo zilitulia. Asubuhi moja niliingia, Bwana Mifugo akaruka kwenye kiti.

"Mimi sijasikia wewe!"

"Treni imehama, bwana."

Safari ya Iramba ilifika kiangazi kikielekea ukingoni. Tulitoka Singida tukiwa Bwana Mifugo, wachanjaji, wapagazi na mimi. Siku za tambarare zilikuwa rahisi. Watu wa kikosi walikuwa wamesikia habari zangu na walinitania njia nzima, wakipiga miluzi ya kuchunga kila nilipobaki nyuma, wakiniita, "Hoo, rudi zizini!" Nami niliwajibu kwa kulia kama ng'ombe. Tukawa marafiki.

Kisha mlima ukasimama mbele yetu. Njia ilipanda kwa kupindapinda kati ya mawe na vichaka, na jua lilikuwa limeshika sawasawa. Bwana Mifugo alitangulia, miguu yake mirefu ikikata njia kama mkasi. Nilianza na kundi la katikati. Kona za mwanzo nilikwenda nao. Halafu goti likaanza kuongea, na kundi likaanza kunitoka, mgongo mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki na wapagazi wawili wa nyuma na mchanjaji mmoja aliyekuwa na homa.

Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Kila kitu ndani yangu kilisema, wafuate, watakufungia mlango. Lakini nilikuwa nimefundishwa na wanyama wazito kwamba anayekurupuka mlimani hafiki. Nilishusha mwendo badala ya kuuongeza. Nilitazama jiwe la mbele, nikalifikia, nikatazama lingine. Nilitapika mara moja, kando, nikapangusa mdomo. Mpagazi mmoja akaniuliza:

"Karani, tukuachie kivuli hiki?"

"Mwachie mgonjwa," nilisema. "Mimi nakwenda."

Mchanjaji mwenye homa alikaa kivulini, na mmoja wa wapagazi akabaki naye. Mimi na mpagazi wa pili tukaendelea. Katika kona za mwisho tuliwakuta wawili wa kundi la katikati wameketi, waliotoka kwa mbwembwe, sasa wanapepea nyuso kwa kofia. Tukawapita. Sikuwasemesha, maana pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa na kazi.

Juu kulikuwa na upepo na nyasi. Bwana Mifugo alikuwa amekaa juu ya sanduku la chanjo akinywa chai. Alitazama nyuma yangu ili aone ni nani bado, akawaona wale wawili wakitokeza kichwa kwa kichwa. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama. Nilikuwa nimeapa kwamba sitakaa kabla hajasema.

"Wewe si wa kwanza," alisema.

"Si wa mwisho, bwana."

Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa.

"Basi, utakwenda. Sasa kaa, karani, kwa jina la Mungu. Unanitisha."

Niliporudi Singida nilimkuta mama uani akipepeta. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya furaha, ya shukrani. Nilimsalimu, akaitikia, nikamwambia nimefika juu. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Kwa hiyo unaondoka."

"Kikosi kinakwenda Mkalama, halafu mbele. Sitarudi, mama. Ofisi inafungwa."

Akaendelea kupepeta. Makapi yalinirukia usoni.

"Umepata miguu kwa ng'ombe wangu," alisema, "na miguu ndiyo inayokuondoa. Ningejua ningekuacha na tumbo lako."

Nilicheka, nikidhani ni utani wetu wa siku zote. Yeye hakucheka. Hapo nikaona jambo ambalo muda wote nililipita kama nilivyopita siku ile bila salamu. Kwangu ng'ombe wale walikuwa mazoezi. Kwake walikuwa ng'ombe, na aliyewachunga alikuwa mtu wa nyumba. Nikamwambia nitazungumza na majirani wachukue zamu yake mpaka wanawe warudi. Akasema majirani anawajua kabla yangu. Nilizungumza nao hata hivyo, nyumba kwa nyumba, na wale wanawake wa mchi ndio waliokubali kwanza. Mume wa mmoja wao alisema atachunga Jumapili. Nilipomletea habari hiyo mama aliitikia kwa kichwa, akaniwekea chakula, na hatukusema tena juu ya kuondoka.

Ningeweza kubaki. Nasema hivyo kwa sababu niliwaza sana. Kulikuwa na kazi ya kuandika kwenye baraza la jumbe, na rafiki yangu wa mahakama angenisaidia kuipata. Ningekuwa na mahali. Lakini nilikuwa nimeipata tena ile mali yangu moja, kwa jasho na kwa aibu, na sikuweza kuiweka uani ikae.

Siku ya kuondoka niliamka mapema kuliko kawaida ili nipeleke ng'ombe kwa mara ya mwisho. Zizi lilikuwa tupu. Mama alikuwa ametangulia. Mlangoni kwangu alikuwa ameacha kibuyu cha maziwa kimefungwa vizuri kwa safari, na kamba ya kukibebea ilikuwa mpya.

Kikosi kilikusanyika chini ya ngazi za ofisi. Mpagazi mmoja hakutokea, na mzigo wake, sanduku la vyombo, ulikuwa chini. Bwana Mifugo alianza kutuma mtu akatafute mwingine. Nikavua koti, nikalikunja kuwa kata ya kichwani, nikainama.

"Karani," alisema, "hiyo si kazi yako."

"Najua, bwana."

Waliniinulia sanduku kichwani. Lilikuwa zito, shingo ikalia kidogo, kisha ikakubali. Rafiki yangu wa mahakama alikuwa amekuja kuniaga, amesimama na kofia mkononi. Akavaa kofia, akanisindikiza hadi mwisho wa soko. Alikuwa akihema tulipoachana.

Njia ya kaskazini ilipita mbali kidogo na majabali. Jua lilikuwa limechomoza, na vumbi la mifugo lilikuwa limesimama hewani. Mbele ya vumbi lile nilimwona, mtu mmoja mwenye kanga nyeusi, fimbo mkononi, akitembea haraka nyuma ya ng'ombe wake. Ndama mwekundu alichepuka, naye akakimbia kumrudisha, hatua fupi fupi, kanga ikipepea. Nilipaza sauti nikamwita. Sijui kama alisikia, upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wake. Nilitaka kumtazama mpaka mwisho, lakini njia ilipinda, na sanduku lililokuwa kichwani halikuniruhusu kugeuka.